Sifi Ukurasa wa Kumi na Nane

Tarehe 9 Januari

Kiwino, mke mwenzangu,

Hujambo huko? Mimi sijambo. Goti ndilo lenye jambo, lakini goti halikutumi salamu, kwa hiyo tuliache. Shangazi yako amehamia chumba cha nyuma na cherehani yake. Anashona na kulalamika, anashona na kulalamika, nyumba imepata uhai. Simu uliniambia nisikupigie saa za kazi, na naona saa zako zote ni za kazi, basi nakuandikia. Anayeshika kalamu ni yule yule fundi saa wa duka la pembeni. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Barua ile ya mwezi wa kumi alinitilia maneno ya "kwa heshima na taadhima", nikajisikia kama nimevaa viatu vya mtu. Sasa nikimaliza ananisomea, na kilichozidi tunakikata.

Kitabu chako cha katuni kimefika. Fundi saa alinisomea maneno, picha nikazisoma mwenyewe, pasi mkononi. Shule sikuingia hata kwa dirisha, lakini picha hainishindi. Huyo msichana wako, Kimulimuli, mchana anauza stempu posta, hatari ikitokea anang'aa na kuruka juu ya mapaa na joho jeupe. Nimempenda. Ila nina maswali, na mimi ni dobi wa miaka arobaini, usiniambie ninyamaze.

Joho jeupe hilo. Anapita kwenye moshi, anaanguka kwenye matope, anatoka damu ukurasa wa saba, ukurasa wa nane joho linameta. Nani amefua? Damu ukiipiga maji ya moto umeipa makazi ya kudumu. Inataka maji baridi na chumvi, na mapema. Halafu akijifunga kitambaa machoni, wenzake wa posta hawamjui! Mimi mtu nikimwona mgongo namjua, na shati lake nalijua kwa harufu. Na yule adui wa mkono wa chuma, amemkamata, amemfunga, badala ya kumaliza kazi anakaa kitako kumweleza mpango wake wote mpaka mwenzake anafungua kamba. Mhalifu gani huyo mwenye domo kama kinyozi?

Fundi saa anasema ndivyo zinavyokwenda. Kasoma nyingi, kaona za sinema, zote hivyo hivyo.

Kisha nikafika kwenye ule ukurasa wa bibi yake. Ameinamia karai, vibanio vya nguo mdomoni. Kiwino, umenichora mimi. Shangazi yako aliuliza mbona kunanuka moshi. Nimeunguza shati la mwalimu mkuu.

Niambie, huyo bibi anafanya nini toleo linalofuata? Anapewa hata neno la kusema?

Bibi yako.


Tarehe 2 Februari

Shikamoo Bibi, mke mkubwa,

Mimi mzima. Chumba changu kipya kina dirisha, nalo linatazama ukuta, lakini ukuta wenyewe una rangi nzuri. Mpe pole shangazi, na mwambie mwalimu mkuu shati lake nimeliunguza mimi.

Ofisini tuko wachoraji wanne, meza nne, taa za shingo ndefu. Miaka mitatu nilikuwa najaza weusi kwenye michoro ya wenzangu, nywele, vivuli, anga la usiku. Kimulimuli ndiye wa kwanza kuwa wangu, kwa hiyo usiniulize kwa nini siji nyumbani. Nikiinuka kwenye kiti hiki, kuna watu kumi mlangoni.

Maswali yako nilimsomea mhariri, akacheka mpaka akavua miwani. Lakini alinionyesha chati yake ya ukutani. Kila hadithi ya shujaa ina njia, Bibi. Toleo la kwanza anagundua nguvu zake. La pili anashindwa. La tatu, ukurasa wa kumi na nane, anafiwa na mtu anayempenda, hasira inampanda, na nguvu zinakuwa mara mbili. La nne anashinda. Mhariri anasema wasomaji wanaijua njia hiyo kwa miguu yao, ukiwapotosha wanakutupia kitabu. Nikamwambia hata hadithi zako zilikuwa hivyo, milango mitatu, majaribu matatu, joka la vichwa vitatu. Alifurahi sana. Ameandika kwenye chati kwa kalamu nyekundu: TATU, HEKIMA YA WAHENGA.

Bibi wa Kimulimuli atasema mengi, usijali. Toleo la pili usihangaike kulitafuta. Nitakuletea mwenyewe nikipata nafasi.

Mjukuu wako,
Kiwino.


Tarehe 20 Februari

Kiwino,

Salamu utazikuta mwisho, leo nina haraka.

Wahenga gani? Nilikuwa na makarai matatu! La sabuni, la kusuuza, la buluu ya kung'arisha. Wewe umekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hutulii, mdomo kama cherehani ya shangazi yako. Basi nikiingiza nguo kwenye sabuni namtoa binti nyumbani kwao. Nikihamia karai la pili, mlango wa pili. Buluu, mlango wa tatu. Nikikamua, anaolewa. Nikianika, kwisha, nenda kacheze. Karai la nne lilitoboka kabla hujazaliwa. Lingekuwa zima, joka lingekuwa na vichwa vinne, na leo ungekuwa unamwambia bosi wako kwamba nne ndiyo hekima. Mwambie afute. Kalamu nyekundu nzima kwa ajili ya karai!

Sisemi kurudia ni kubaya. Na mimi nilirudia. Kila hadithi nilimweka kikongwe njiani anayeomba kuoshwa mgongo. Anayemwosha anapewa siri, anayemcheka anapotea. Uliijua kama jina lako, na nikimchelewesha unanidai, "Bibi, kikongwe yuko wapi?" Ukishamwona unatulia, hata nikikuchana nywele hulii. Lakini kikongwe huyo nilimweka mimi, kwa kuwa mgongo wangu mwenyewe ulikuwa unauma na hakuna aliyeuosha. Ile wiki maji yalipokatika hakuoshwa, alipanguswa vumbi kwa kitambaa. Hukulalamika. Hadithi haikuanguka.

Sasa unijibu. Umeandika mtu anakufa ukurasa wa kumi na nane. Hukuandika nani. Msichana wako hana mama, hana baba, hana mume, hana hata paka. Ana posta na ana bibi. Posta haifi.

Na fundi saa kanieleza jambo limenikera. Anasema hao mashujaa wakifa wanarudi. Mmoja kazikwa, jeneza na maua, toleo la saba kafungua mfuniko kama sufuria. Nikamuuliza, na mama zao? Na bibi zao? Anasema hao hawarudi. Yaani mwenye joho anakwenda kaburini na kurudi kama anakwenda dukani, mwenye karai akifa amekufa. Nani kapanga hivyo? Nataka nimjue.

Hatujambo sote. Goti tuliache. Jibu upesi.

Bibi yako.


Tarehe 3 Aprili

Kiwino,

Wiki sita. Nilimtuma shangazi yako posta mara mbili mpaka karani akamwambia, "Mama, barua haiji kwa kutazamwa."

Nasi wazima. Sikiliza sasa uzima wenyewe.

Jumamosi saa nne asubuhi nimesimama uani natia wanga kola. Akaja muuguzi wa zahanati, yule mteja wangu wa magauni meupe. Akasimama mlangoni, mfuko kifuani, ananitazama kama ameona jini.

"Bibi," anasema, "upo?"

"Niende wapi, na gauni lako sijalipiga pasi?"

"Nilikuja kumpa pole shangazi."

"Pole ya nini?"

Akatazama chini. "Yako."

Nikadhani mtu amenitangazia kifo kwa uadui. Akatoa kitabu mfukoni, toleo lako la pili, lile uliloniambia nisihangaike kulitafuta. Ukurasa wa nyuma uko wewe, umeinamisha kichwa, mkono shavuni. Sijui nani kakufundisha kupiga picha kama mwenye jino bovu. Nikamwita fundi saa. Akasoma kimoyomoyo kwanza, akavua ile lenzi yake ya jichoni. Nikamwambia, soma kwa sauti au nakukatia nguo zako.

Akasoma: "Mchoraji wetu alifiwa na mama yake akiwa na miaka saba. Bibi aliyemlea naye akafariki, akimwachia hadithi zake tu. Katika upweke huo ndimo alimozaliwa Kimulimuli."

Nikamwambia, soma tena. Akasoma tena. Nimekufa mara mbili kwa asubuhi moja, wanga mkononi.

Hata ugonjwa hamkunipa, Kiwino. "Akafariki." Nimefariki na nini? Nani alinilaza? Nani alilia? Nimezikwa na gauni gani? Maana mimi nimefua nguo za maiti za mtaa huu mzima, najua kila mmoja alivaa nini, na mimi mnanipeleka na neno moja!

Shangazi yako anasema tusikuandikie tena. Mimi nasema andika, fundi, andika, maiti ana maneno.

Ukurasa wa kumi na nane sijaufikia na tayari umeniua nyuma ya kitabu. Nieleze. Usiniombe radhi kwanza, nieleze kwanza.

Aliyekuwa bibi yako.


Tarehe 19 Aprili

Shikamoo Bibi,

Naandika mara ya nne. Tatu za kwanza zilianza na radhi, nikazichana.

Sikuyaandika maneno yale. Mhariri aliniuliza nani alinitia moyo wa kuchora. Nikasema bibi yangu, dobi, mwenye hadithi. Akanikazia macho kwa upole sana akasema, "Amefariki, siyo?" Aliisema kama mtu anayejua njia, akinishika mkono kunivusha. Nikanyamaza, Bibi. Sikusema ndiyo. Nilitazama kalamu yangu. Yeye akaandika. Siku tatu baadaye karatasi ikaletwa mezani niweke sahihi kabla haijaenda kiwandani kuchapwa, na nikaweka. Msichana asiye na mtu alikuwa amekaa vizuri kwenye ule ukurasa kuliko mimi.

Barua yako ya Februari ninayo. Sikuijibu kwa sababu ulikuwa umeshajua jibu. Ndiyo, ni bibi. Ukuta unamwangukia. Nimeshauchora kwa penseli, bado wino. Natakiwa kuupeleka ukurasa mwisho wa mwezi huu. Nisipoupeleka atapewa mchoraji wa meza ya pili, kwa kuwa mkataba unasema Kimulimuli ni mali ya ofisi, siyo yangu. Sikukuambia hilo. Nilidhani halitakuwa na haja.

Niambie nifanye nini.

Kiwino.


Tarehe 26 Aprili

Kiwino,

Sikuambii ufanye nini. Una miaka ishirini na sita, na mkono ni wako. Nakuambia ninachokijua, basi.

Hiyo chati ni mwongo. Hasira haimpi mtoto nguvu. Mama yako alipokufa hukung'aa. Siku tisa hukusema neno. Nilikuosha, nikakulisha, ukanitazama kama mtu aliye ng'ambo ya barabara. Ulikuwa umekonda mpaka soksi zinateremka. Mimi mwanangu wa kuzaa alikuwa amekwenda na nina nguo za watu za kufua, nikakukalisha juu ya ile ndoo kwa kuwa niliogopa kukuacha peke yako ndani. Nikaanza kuropoka. Sikuwa natoa hekima, nilikuwa naogopa ukimya wako. Siku ya kumi nikamsahau kikongwe kwa makusudi, nikaruka mpaka mlangoni, na wewe ukasema, "Hapana." Neno la kwanza hilo. "Hapana, bado hajamwosha."

Hukurudi kwa sababu mtu amekufa. Ulirudi kwa sababu mtu yupo, anakosea hadithi, na unataka kumsahihisha.

Hili sikuwahi kukuambia. Sasa limeandikwa, na fundi saa anapangusa kalamu wakati haina wino wa kumwagika.

Ukitaka kuniua kwenye karatasi, niue, mimi ni mchoro tu huko, siumii. Lakini ule ukurasa wa nyuma siyo katuni. Huo nautaka urudishwe. Nataka iandikwe kwamba nipo.

Bibi yako, aliye hai, akitaka asitake mhariri.


Tarehe 30 Mei

Shikamoo Bibi, shikamoo shangazi, hujambo fundi?

Goti linaendeleaje? Safari hii usiliache, lijibu.

Nilipeleka ukurasa wa kumi na nane siku yake. Nilifuta ukuta wote, nikachora upya. Kimulimuli anarudi nyumbani amepigwa, mwanga umezimika, hawezi hata kupanda ngazi. Bibi yake anafungua mlango, anamtazama juu mpaka chini, anasema, "Vua hilo joho tuliloweke kabla halijakauka." Anamwosha mgongo. Vijumba sita vya picha, hakuna anayesema kitu.

Mhariri akaufuata kwa kidole mpaka kijumba cha mwisho. "Na hasira iko wapi?"

"Hamna."

"Basi nguvu anazitoa wapi?"

"Anakula, analala, kesho anarudi kupigana."

"Huyo shujaa au mlinzi wa zamu?"

"Mlinzi wa zamu anarudi kila siku, bosi. Hao wa kwako wanarudi wakifiwa tu."

Wenzangu wakainamia meza. Wa meza ya pili alikuwa anacheka kimyakimya, mabega yanamtikisika.

Nikasema kuna jambo la pili. Bibi yangu yu hai. Mhariri akavua miwani. "Mbona hukuniambia?" Nikamwambia, "Hukuniuliza, uliniambia wewe." Akasema watu wameandika barua, wamelia, kuna mtoto ametuma ua lililokaushwa, sasa awaambie nini? Nikasema awaambie kweli. Akasema atafikiri kuhusu masahihisho, lakini ukuta lazima uanguke, uanguke kwa mkono wangu au wa mwingine. Sikupiga meza, Bibi. Nilisema, "Basi wa mwingine," nikakusanya kalamu zangu, moja ikadondoka, nikarudi kuiokota mbele ya wote.

Kwa hiyo sina kazi. Nachora mabango, mbele ya duka la rangi na la fundi viatu. Jioni ni zangu. Nimeanza kitabu kidogo, hakina mwenye ofisi. Sijui kitakwenda wapi, sina chati.

Naogopa. Sikuwa nataka kuiandika sentensi hiyo, lakini tumeshakubaliana kuandika.

Kiwino.


Tarehe 14 Juni

Kiwino wangu,

Goti linapasuliwa mwezi wa nane. Umeuliza, nimejibu. Shangazi yako anatoa salamu, ameacha kukununia tangu jana, alikuwa amechoka nako.

Muuguzi kaleta toleo la tatu. Nimekufa, na nimekufa vibaya. Ukuta mzima umeniangukia kifuani na bado nahutubia! Ukurasa mzima naongea, "mwanangu, nguvu ziko ndani yako." Mtu mwenye ukuta kifuani anasema "toa ukuta"! Nilicheka mpaka nikashika kizingiti. Fundi saa akalia, akasema si kwa ajili ya kitabu, ni vumbi la saa.

Masahihisho yapo, chini ya tangazo la dawa ya viatu, maandishi madogo kama chawa. "Bibi wa aliyekuwa mchoraji wetu yu hai. Tunaomba radhi kwa wasomaji." Kwa wasomaji! Mimi niliyeuawa sikuombwa. Nimemwandikia mhariri barua yake mwenyewe, fundi saa aliniomba nipunguze maneno mawili, nikapunguza moja.

Na wewe bado nimekukasirikia, usidhani kuacha kazi kumefuta. Uliweka sahihi. Nitakasirika mpaka mwezi wa nane, kisha basi, maana nitahitaji mtu wa kunishika mkono kwenda chooni na shangazi yako ana mikono mikavu. Njoo kabla ya hapo, nikutukane uso kwa uso, hizi barua zinanipunguzia ladha. Kuogopa, ogopa tu. Lete na hicho kitabu, hata kama ni kurasa nne.

Sasa kuna neno moja, fundi anakataa kuliandika, nimemtishia nitampa kalamu muuguzi. Nitakufa kweli, Kiwino. Si kesho, nina mashuka ya nyumba ya wageni. Lakini nitakufa, na haitakuwa kwenye ukurasa wa mtu. Itakuwa Jumanne fulani, birika liko motoni, mtu anabishana na muuza mkaa. Hutang'aa. Hutaruka. Nguvu zako zitakuwa nusu, na hata viatu vyako hutakumbuka umeviweka wapi. Atakayekuambia kwamba sasa ndipo utakuwa mchoraji mkubwa, mfukuze uani. Wewe keti chini, lia. Ukiletewa chai, kunywa. Ukiweza kushika kalamu, shika. Usipoweza, iache ikauke.

Sikukulea ili nikufae nikishakufa. Nimekufaa nikiwa hai, na bado sijamaliza.

Bibi yako.